Hesabu ya Kuhama

Kilwa Kisiwani ni mji ulioanza kwa hesabu ya safari. Najua wapenzi wa ushairi wamezoea kuletewa Husuni Kubwa na kuba za Msikiti Mkuu kila jina la kisiwa chetu linapotajwa, na mimi mwenyewe nimezitungia kuba hizo beti nyingi kuliko zinavyohitaji. Lakini Tarikhi ya Kilwa, ile ya Kiarabu ambayo nakala yake ya mwaka 1877 imehifadhiwa London, haianzi na kuba wala na vita. Inaanza na familia moja iliyokaa kitako ikashauriana kuhama. Sultani wa Shirazi aliota panya mwenye pua ya chuma akizitoboa kuta za mji, akafasiri kwamba nchi yao imekaribia kuharibika, akawaita wanawe sita na kuwaeleza. Wakaingia baharini kwa majahazi saba, baba na wana, na kila jahazi likatia nanga mahali pake: moja Mombasa, moja Pemba, moja Nzwani, moja hapa kwetu.

Aliyefika hapa alimkuta Mwislamu mmoja amekwisha kutangulia pamoja na watu wake, na msikiti wanao. Kisiwa chenyewe kilikuwa chini ya mtawala wa bara, ambaye zama hizo aliweza kuvuka kwa miguu maji yakipwa. Mwislamu yule akasimama baina yao akawa mkalimani, nao wakapatana bei: nguo za rangi za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Nguo zikalipwa, mtawala akaondoka nazo, na mgeni akauchimba mlango wa maji ili aliyeuza asipate tena njia ya kurudi kwa miguu. João de Barros, Mreno aliyechapisha habari hizi mwaka 1552, ana masimulizi mengine: majahazi mawili tu kutoka Hormuz, na kijana wa mama Mhabeshi aliyechoshwa na dharau za nduguze. Wataalamu wa mambo ya kale, tangu Neville Chittick aliyefukua hapa miaka ya 1960, wamebishana sana kuhusu hao Washirazi, kama walitoka Shirazi kweli na kama walifika karne ya kumi na moja au ya kumi na mbili. Mimi si mwanahistoria. Kiarabu na Kiingereza changu ni cha kujifundisha, kwa kamusi na kandili, na ubishi huo nawaachia wenyewe.

Linalonishughulisha ni jingine. Tarikhi ile inahesabu vyombo, inahesabu wana, inataja bei na hata aina ya nguo. Aliyebaki Shirazi haitaji. Majahazi saba yaling'oa nanga, na kwa mujibu wa maandishi, ufukweni hapakuwa na mtu.

Nayasema haya kwa sababu tangu mwishoni mwa mwaka 2023 nimekuwa mshika daftari wa safari ya namna hiyo. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni muuguzi mjini Lindi. Mumewe ni fundi umeme. Wana watoto wawili. Wamekata shauri kwenda Kanada, kukaa na si kutembea. Walinichagua mimi kushika daftari kwa sababu, kama alivyosema mpwa wangu, "Mjomba, wewe ndiye mwenye hati ya kusomeka, na ndiye unayejua Kiingereza cha makaratasi." Dada yangu ni mjane, anaishi hapa Kisiwani kwenye nyumba ya marehemu mumewe, na ana minazi arobaini na mmoja.

Ukurasa wa kwanza mkwe wetu alikuwa amekwisha kuujaza kabla sijalipokea daftari. Alianza na nauli ya watu wanne, kisha makoti ya baridi, kisha viatu, kisha masanduku. Ndivyo sote tunavyohesabu safari: tunaanza na vile tunavyoviona machoni. Kumbe nauli ni katika vitu vidogo. Tulipoketi kuyasoma masharti ya Serikali ya Kanada, mimi nikifasiri na mkwe akiandika, ukurasa ule ukawa kama kipande cha mwisho cha shairi refu.

Ada za maombi, kwa viwango vilivyoanza tarehe 30 Aprili 2024, zilikuwa dola 1,525 za Kanada kwa kila mtu mzima, yaani 950 za kushughulikia maombi na 575 za haki ya ukaazi wa kudumu, na dola 260 kwa kila mtoto. Ongeza 170 za alama za vidole za wazazi wawili: jumla dola 3,740. Hiyo ni fedha ya kulipa. Ipo na nyingine ambayo haitumiki bali huonyeshwa: lazima mwombaji athibitishe kuwa anayo akiba ya kujikimu siku za mwanzo. Kwa familia ya watu wanne, kiwango cha mwaka 2024 kilikuwa dola 27,297. Mkwe alizigeuza kwa bei ya siku ile, akapata zaidi ya shilingi milioni 50. Akaiweka kalamu chini, akatoka nje kuvuta hewa.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo naona halijaandikwa vya kutosha kwa Kiswahili. Fedha hiyo haiwezi kuwa nyumba. Haiwezi kuwa shamba, wala mashua, wala minazi. Haiwezi kuwa mkopo kutoka kwa mtu. Ni lazima iwe fedha taslimu iliyo mikononi mwako, na benki iandike barua kueleza wastani wa salio lako kwa miezi sita iliyopita. Tafakari, msomaji, maana ya sharti hilo kwa watu wa mwambao. Utajiri wetu umekaa katika vitu vilivyosimama ardhini au vinavyoelea majini, na katika watu wanaotudai fadhila na tunaowadai. Mtu wa Kisiwani mwenye nyumba ya mawe, minazi mia na heshima ya mji mzima, mbele ya karatasi ile ni maskini. Na kijana wa mjini mwenye chumba cha kupanga na mshahara usioguswa miezi sita ni tajiri. Silaumu, kila nchi ina haki ya kuchagua kipimo chake. Mtawala wa bara naye alichagua nguo, na nguo alizipata.

Wao wenyewe walikuwa na akiba ya miaka saba. Wakauza kiwanja walichonunua Lindi. Mpwa wangu akauza bangili za dhahabu za harusi yake, akaniambia habari hiyo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya samaki. Akapokea zamu yake ya upatu. Ndugu wakachanga. Yote hayo yakaingia benki, na hapo pakazuka kazi mpya, kwani fedha nyingi zinazoingia kwa mkupuo huulizwa zimetoka wapi. Ikabidi kila aliyetoa aandike barua ya kueleza kwamba alichotoa ni hiba, hakidai na hatakidai.

Wakati huohuo akatokea mtu jijini, wakala kwa madai yake, aliyetaka shilingi milioni nne ili awaongezee alama za kuchaguliwa. Nilimjibu mimi, kwa barua fupi, kwamba kujiandikisha katika orodha ya Kanada hakuna malipo na alama zinahesabiwa na kompyuta. Hakuandika tena. Mwingine, huyu akiwa jamaa wa karibu na mwenye nia njema, alijitolea kuwakopesha milioni kumi zikae benki kwa miezi sita na kisha zirejeshwe. "Ni za kuonyesha tu," alisema. Mkwe alishawishika, na siku mbili nyumba ile haikuwa na mazungumzo mengine. Nilisimama upande wa kukataa, na ningesimama tena. Kwanza ni uongo ulioandikwa na kutiwa sahihi. Pili, na hili ndilo lililomwelea mkwe, kiwango kile hakikuwekwa kwa ajili ya kutisha watu; kimewekwa kwa sababu familia ya watu wanne ikifika bila kazi inakula kiasi hicho hasa. Atakayeonyesha fedha za mwenzake ndiye atakayekuja kulala na njaa za kwake.

Na njaa hiyo si ya kubuni. Mwaka 2023 Kanada ilianza kuwaita waombaji kwa makundi ya kazi, na wauguzi wamo, ndiyo maana mpwa wangu akapata tamaa. Lakini kuitwa kwa sababu wewe ni muuguzi si ruhusa ya kuuguza. Leseni hutolewa na chombo cha taaluma cha jimbo, baada ya kukaguliwa vyeti, na pengine mitihani na masomo ya ziada. Nilimtaka aandike katika daftari miezi kumi na miwili ya muuguzi asiye muuguzi. Alinitazama kwa muda. Ana miaka tisa ya wodi ya wazazi. Wamo katika mji wa Lindi watoto wanaokwenda shule ambao mikono ya kwanza kuwagusa duniani ilikuwa yake. Aliandika.

Waliotutangulia walipanga safari zao kwa pepo. Kaskazi iliwaleta kutoka Uarabuni tangu Desemba, kusi ikawarudisha, na Kilwa ilikuwa karibu na ukomo wa mahali ambapo chombo kingeweza kufika na kurudi katika msimu mmoja. Sehemu ya fahari yetu ya zamani imetokana na jambo hilo tu. Nilidhani zama za eropleni zimeuondoa msimu katika safari. La. Makaratasi yana kaskazi na kusi yake. Matokeo ya mtihani wa Kiingereza huishi miaka miwili. Hati ya polisi ya mwenendo mwema haitakiwi iwe imezidi miezi sita unapoomba. Ukishaalikwa kuomba, una siku sitini kukamilisha kila kitu. Umri nao una msimu: alama zake hufika kilele baina ya miaka 20 na 29, na baada ya hapo kila siku ya kuzaliwa inapunguza kitu. Mpwa wangu alipoanza alikuwa na miaka 31. Kwa hiyo sanaa yote ya kupanga ni kuyafanya makaratasi yote yawe hai kwa pamoja, mithili ya nahodha anayengoja vyombo vyake vyote viwe tayari kabla upepo haujageuka.

Na pepo za kweli nazo hazikutuacha. Mapema Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kwenye mwambao wetu, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika Somanga na sehemu nyingine za wilaya hii ya Kilwa. Mpwa wangu alikuwa na tarehe ya mtihani Dar es Salaam. Ada ilikuwa imelipwa, basi halikupita, tarehe ikapotea. Baada ya hapo mkwe aliongeza katika daftari fungu la dharura, akaliita "Hidaya", na kila lilipochotwa aliandika: "Kutoka Hidaya, shilingi kadhaa."

Sasa niingie katika lile lililonihusu mimi hasa. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikiwafasiria watu wa Kilwa na Lindi makaratasi yao, vyeti vya ndoa, barua za waajiri, hukumu za mirathi. Nilidhani hapa ndipo nitakapotoa mchango wangu, kwa kuwa fedha sina. Kumbe sharti liko wazi: tafsiri isifanywe na mwombaji wala na jamaa yake, na jamaa hao wametajwa mmoja mmoja: mzazi, ndugu, mume na mke, babu na bibi, mtoto, shangazi, mjomba, mpwa, binamu. Niliusoma mstari ule mara tatu. Kiingereza kina neno moja linalotufunika wote, mimi mjomba, pamoja na baba mdogo na baba mkubwa, watu ambao kwetu hawakai katika mkeka mmoja wakati wa posa wala wa mirathi. Nimeishi na udhaifu huo wa Kiingereza kwa muda mrefu, na siku zote ulinichekesha. Siku ile neno lile pana lilinivua kazi yangu.

Basi karatasi zikapelekwa kwa mfasiri wa Dar es Salaam, mtu mwaminifu mwenye mhuri, kwa malipo ya kila ukurasa, na pamoja nazo hati ya kiapo. Ziliporudi nikaomba nizisome. Kusoma hakujakatazwa. Baba mdogo wa mpwa wangu, nahodha wa mashua ambaye hajui karatasi zaidi ya barua, alikuwa ametoa shilingi laki sita, na katika barua yake ya hiba aliandika kwamba fedha hizo amempa mwanawe. Ndivyo asemavyo mtu wa kwetu; mtoto wa nduguyo ni mwanao, na ukisema vinginevyo utaulizwa mna ugomvi gani. Mfasiri wa mjini alifasiri alichokikuta: binti yangu. Kwa hiyo katika jalada moja mpwa wangu alikuwa na cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba mmoja, aliyekwisha kufariki, na barua ya fedha kutoka kwa baba wa pili, aliye hai. Afisa wa Kanada angekuwa na haki ya kuuliza. Ikabidi nahodha aandike upya: mtoto wa marehemu kaka yangu. Aliandika, lakini alinuna. "Nimemlea tangu baba yake afe," aliniambia, "leo mnataka niandike kwamba si wangu."

Nimefasiri mashairi magumu maishani mwangu. Sijapata neno lililonishinda kama hilo la mwana.

Lipo jingine, nalo ni tegemezi. Ndivyo ninavyolifasiri neno lao kwa watu wanaohesabiwa pamoja na mwombaji: mume au mke, na watoto walio chini ya miaka 22. Mama hamo. Wazazi wana mlango wao mbali, mwembamba, unaofunguliwa na kufungwa, na kabla ya kuuendea ni lazima mtoto awe amekaa na kupata kipato cha kiwango fulani. Mkwe alipoisoma orodha hiyo kwa sauti, dada yangu alikuwa akikuna nazi upande wa pili wa ua. Hakuacha kukuna. Na kusema kweli, neno lenyewe kwake halikuwa sahihi hata kwa Kiswahili. Mama yule hakuwa akimtegemea mtu. Waliosomeshwa kwa nazi ndio waliomtegemea.

Siku hizo nilikuwa nikilifikiria sana neno ughaibuni. Wengi hulitumia kama jina la Ulaya na Marekani, kana kwamba ni nchi yenye ramani yake. Asili yake ni kughibu, kutokuwapo mbele ya macho. Ughaibuni basi hakuna anayeishi huko kwa hesabu yake mwenyewe; anayeishi Muscat yuko Muscat, na wa Edmonton yuko Edmonton. Ni neno la aliyebaki. Limetungwa kutoka ufukweni, na mtu anayetazama maji.

Kisiwa hiki kimeona kuondoka kwa kila aina, na nisingependa msomaji adhani nakusifu kuhama au nakulaani. Tarehe 14 Septemba 1776 sultani wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa aitwaye Morice, wa kumpatia watumwa elfu moja kila mwaka, kila mmoja kwa piasta ishirini. Hiyo nayo ilikuwa bajeti ya safari ya ng'ambo, imeandikwa vizuri na kutiwa sahihi, na waliosafiri hawakuulizwa. Ninapomwona mpwa wangu akibishana na mumewe juu ya bei ya makoti, nakumbuka mkataba ule, na ubishi wao hunipendeza. Sarafu zetu za shaba nazo zilisafiri. Washairi wengi hawajui kwamba sarafu za Kilwa zina vina: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili sifa ya Mola wake, na pande mbili zinamalizia sauti moja. Mwaka 1944 ziliokotwa tano katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Hakuna ajuaye nani alizipeleka.

Mkwe wetu ni mtu mzuri, na ni mtu wa hesabu. Ilipofika Julai 2025 kiwango cha akiba kikapanda hadi dola 28,362, yaani dola 1,065 zaidi ya zile walizokwisha kuzikamilisha, na fungu la Hidaya lilikuwa limekauka. Hapo ndipo alipoitaja minazi. Aliitaja kwa adabu, macho chini, akimwelekea mama mkwe wake: arobaini na mmoja, mara bei ya mnazi mmoja, bila kuuza ardhi, kama desturi yetu inavyoruhusu. Dada yangu alijibu kabla hajamaliza: "Uzeni."

Nilimwomba mkwe daftari. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika juu yake Wanaobaki, nikaanza kumuuliza dada yangu mbele yao. Dawa ya presha kwa mwezi ni kiasi gani? Mashua ya kwenda Masoko na kurudi, siku ya kliniki? Sukari, unga, mafuta ya taa? Karo ya yule mjukuu wa marehemu wifi anayelala hapa? Salio la simu, sasa kwa kuwa mwanawe atakuwa ng'ambo? Na zaka ya nazi, na sadaka ya hitima ya mumewe kila mwaka? Kisha nikauliza fedha zote hizo hutoka wapi. Hakujibu. Sote tulikuwa tunasikia upepo ukipita kwenye minazi.

Nikawasomea na sheria, kwani hilo nalo halikuwamo daftarini. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu Mtanzania mtu mzima kushika uraia wa nchi nyingine na kubaki na wa kwake. Kanada humruhusu mkaazi wa kudumu kuomba uraia akitimiza siku 1,095 katika miaka mitano. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilimfungia asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Miaka ya karibuni Serikali imeleta hadhi maalumu kwa wageni wenye asili ya Tanzania, na huenda mlango huo ukawa mpana. Lakini mtu asipange urithi wa mama yake kwa mlango ambao hajaupita. Minazi ikibaki kwa dada yangu, inamlisha. Siku ikiwa ya mirathi, mpwa wangu atatakiwa awe anajua yeye ni raia wa wapi. Hilo aliwekee mstari wake, hata kama hauna tarakimu.

Minazi haikuuzwa. Wakaahirisha kwa miezi. Mpwa wangu akafanya zamu za usiku, mkwe akapata kazi ya kuweka nyaya katika nyumba za wageni huko Masoko, na upungufu ukajazwa. Mwaliko ulipofika, siku sitini zilitosha.

Ukurasa wa Wanaobaki ulikuwa umekwisha kujaa, na mkwe kwa hiari yake alikuwa ameongeza mwishoni: nauli ya kurudi mtu mmoja, kwa ajili ya msiba. Aliona amefanya wema, na kwa kweli alikuwa amefanya. Alimsomea mama mkwe wake. Dada yangu akacheka, kicheko cha kweli.

"Msiba wa nani? Wangu?" akauliza. "Baba, mimi nikifa asubuhi nitazikwa alasiri. Huyo wa ndege atakuwa bado anatafuta viatu. Futa hapo. Andika nauli ya kuja kunitazama nikiwa hai."

Mkwe alifuta. Akaandika upya, nauli ya watu wanne, Edmonton hadi Dar es Salaam, akaikadiria kwa dola. Basi la Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko, na mashua ya kuvukia, akaviandika kwa shilingi. Kwenye safu ya mwaka hakuandika kitu. Jalada lao sasa liko kwa maafisa, na tunangoja. Daftari bado ninalo mimi, na dada yangu kila Ijumaa akitoka kwenye dua hupita barazani kwangu kuniuliza kama mwaka umekwisha kuandikwa.